Bahari Ndani ya Kioo, Huko Port Victoria

Mwenyeji wangu wa Port Victoria ni mwalimu mstaafu. Alifundisha Mombasa miaka mingi kabla ya kurudi kwao. Nyumba yake iko karibu na ufuo, omena huanikwa mbele ya mlango wake, na ziwa huliona akiwa kitandani. Basi nilicheka aliponiambia: "Sheikh, nitafutie sanduku la kioo la samaki wa maji ya chumvi."

Naye akacheka, kisha akanionyesha kwa macho chumba cha ndani. Shemeji yangu hajainuka kitandani tangu mwaka jana. Ziwa halitaki. Anataka kuwaona tena wale samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, aliowaona zamani katika mashua ya sakafu ya kioo. Na usingizi wake ni mwepesi, sindano ikianguka huamka.

"Liwe dogo," asema mwalimu, "na lisipige kelele."

Hapo kwenye "dogo" ndipo nilipomkatiza, kwani dhambi hiyo niliitenda mimi. Mimi mtoto wa pwani, niliyejua kuogelea kabla ya kuhitimu juzuu ya kwanza chuoni, nilinunua kisanduku cha lita 20 nikakijaza maji ya bahari. Kila juma joto likinywa kama lita mbili, nami nikirudishia lita mbili za bahari. Sikujua kwamba maji hupaa na chumvi hubaki. Bahari ina kama gramu 35 za chumvi kwa lita, basi kila nilipojaza niliongeza gramu 70. Juma la tano maji yangu yalikuwa na gramu 52 kwa lita, na samaki wangu wawili walikuwa juu ya maji, matumbo yakitazama dari. Kinachopaa hurudishiwa maji matamu yaliyochujwa, basi.

Kwa hiyo anayeanza asidanganywe na udogo. Maji machache hubadilika upesi, chumvi, joto na uchafu pia. Nilimwambia mwalimu asishuke chini ya lita 75. Akapata la sentimita 60 kwa 40 kwa 40, yaani lita 96, na taa, pampu na chujio vyake vyote pamoja, chujio likiwa limefichwa nyuma ya ukuta mweusi wa kioo. Likijaa hupita kilo 100, kwa hiyo si la kuwekwa juu ya kabati la vyombo.

Kelele nazo zina asili mbili. Pampu ikigusa kioo, kioo huvuma kama ngoma. Ipate miguu ya mpira au sifongo chini yake. Na maji yakianguka kutoka juu kuingia chumba cha nyuma, hububujika usiku kucha. Dawa yake ni kukijaza chumba hicho mpaka mwanguko uwe mfupi. Usikubali muuzaji akuwashie sanduku kavu katikati ya soko ukasema limenyamaza. Litiwe maji, mlango ufungwe, uweke sikio. Uliza pia kama pampu ikifa huuzwa peke yake, maana nyingine huzikwa pamoja na sanduku.

Pampu ya volti 12 ndiyo niliyoisisitiza, kwa kuwa hufanya kazi kwa betri ya gari. Umeme ukikatika na maji yakasimama, hewa ndani yake hupungua, na saa chache zatosha kuleta msiba.

Chumvi ya Marereni ni nzuri kwa mchuzi, lakini hapa haifai peke yake. Panatakiwa ile iliyochanganywa kwa kazi hii, yenye kalisi na magnesi zake, na kipimo cha kupimia. Mawe yawe ya kutengenezwa. Usimtume mvuvi akuvunjie matumbawe hai.

Nilijaribu njia rahisi zaidi. Nilisema, mbona tusiweke fulu wa hapa hapa, kwa maji matamu? Ziwa hili lilikuwa na mamia ya aina zao, wengine wakiwaka rangi kama vito. Mbuta alitiwa ziwani katika miaka ya 1950, na miaka ya 1980 aina nyingi zikatoweka. Baadhi wamehifadhiwa Ulaya na Marekani, ndani ya masanduku ya kioo kama haya. Nilikuwa katikati ya hotuba yangu sauti ikatoka chumbani:

"Shemeji, fulu nimewala tangu utoto. Sitaki kulala nikitazamana na kitoweo."

Sikuwa na la kujibu.

Sasa ni juma la tatu, na sanduku halina samaki. Ndivyo inavyotakiwa. Uchafu wa samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Vijidudu huigeuza kuwa nitriti, sumu nayo, na vingine huigeuza kuwa nitrati, ambayo haina ukali huo. Vijidudu hivyo huchukua majuma manne hadi sita kuzaana, hata zaidi. Mwalimu hupima na kuandika katika daftari la mahudhurio la zamani: amonia imeshuka, nitriti bado. Zikifika sifuri zote mbili wataingia samaki wawili tu. Kangaja wa buluu nimemkataza, kwani huyo hukua na kutaka uwanja.

Shemeji amelalamika jambo moja, kwamba hasikii kitu, hajui kama pampu inafanya kazi. Mwalimu amefunga utepe mwembamba wa plastiki mdomoni mwa bomba. Unapepea ndani ya maji mchana kutwa, naye huutazama.