Kelele za Upepo Katika Vidirisha vya Pembe vya Motokaa za Zamani

Motokaa nyingi zilizoundwa katika miaka ya 1950 na 1960 zina vidirisha vidogo vya pembe tatu, kimoja katika kila mlango wa mbele, ambavyo huzunguka juu ya pini zake ili kuingiza hewa. Wenye kuzitunza motokaa hizo hata leo huvipenda sana vidirisha hivyo, na hawakosei, kwani wakati wa jua kali kidirisha kikigeuzwa kidogo humpatia dereva upepo mwanana bila kulazimika kushusha kioo kikubwa. Lakini motokaa ikisha kuzeeka, vidirisha hivyo hivyo huanza kupiga mluzi na kuvuma, na safari ya kutoka Nairobi mpaka Mombasa huwa adhabu. Dereva huchoka upesi, hawezi kuzungumza na wenzake ila kwa kupaza sauti, na jambo lililo baya zaidi, huenda asisikie honi ya lori linalotaka kumpita.

Na tuchukue mfano wa Volkswagen ndogo, ile yenye mgongo wa mviringo na injini nyuma. Gari hili ni mashuhuri kwetu, kwa kuwa lilishinda mashindano ya Safari katika miaka ya 1954, 1957 na 1962. Vidirisha vya pembe vilianza kutiwa katika milango yake mwezi wa Oktoba 1952. Madirisha ya gari hilo yalipoongezwa ukubwa kwa magari ya mwaka 1965, nguzo inayotenga kidirisha na kioo kikubwa iliinamishwa nyuma kidogo. Kwa hiyo mwenye kununua mipira mipya hana budi kumwambia muuzaji mwaka wa gari lake, asije akauziwa mipira isiyolingana.

Watu wengi hudhani kwamba kelele hutokea kwa sababu upepo unaingia ndani kwa nguvu. Mara nyingi mambo huwa kinyume. Hewa inayopigwa na kioo cha mbele hulazimika kuizunguka nguzo ya pembeni, na inapoizunguka huongeza mwendo. Hewa inayokwenda mbio hivyo hupungua mkazo wake, na mahali penyewe inapopungua ni hapo hapo penye kidirisha. Ndani ya gari mkazo ni mkubwa kuliko nje, basi hewa ya ndani husukuma kioo kiende nje, na kupenya katika kila ufa iupatao. Ndiyo sababu mpira unaoonekana umebana vizuri gari likiwa limesimama, huachia gari likiwa katika mwendo. Hewa ipitayo katika ufa mwembamba na kukutana na ukingo mkali hulia kama hewa ya mpiga filimbi. Ufa ukiwa mpana zaidi, mluzi hugeuka kuwa mvumo.

Jambo jingine la kufahamu ni kwamba kelele ya upepo haiongezeki sawasawa na mwendo. Sauti ya upepo unaopita juu ya bodi huongezeka takriban kwa kipeo cha sita cha mwendo. Gari likitoka kilometa 60 kwa saa likafika 90, nguvu ya sauti hiyo huzidi takriban mara 11, na sikio la mtu huisikia kana kwamba imekuwa maradufu. Msishangae basi mkiambiwa na fundi kwamba hakusikia kitu alipolijaribu gari mtaani.

Kabla ya kununua chochote, ni lazima kujua kelele yatoka wapi. Twasisitiza jambo hili kwa kuwa fedha nyingi hupotea hapa. Chukua utepe wa gundi wa karatasi, ule wanaoutumia wapaka rangi, uubandike kwa nje juu ya kila kiungo cha kidirisha: ukingo wa mbele, ukingo wa chini, na nguzo ya nyuma. Chagua siku isiyo na upepo, uende katika barabara iliyo nyoofu kwa mwendo ule ule ambao kelele husikika. Abiria ndiye asikilize. Dereva aangalie njia. Kelele ikinyamaza, banduka kipande kimoja cha utepe na kurudia safari, kisha kingine, mpaka irudi. Mahali ulipobandua mara ya mwisho ndipo penye kasoro. Kelele isiponyamaza hata kidogo, kidirisha hakina hatia, na yafaa kuchunguza kioo cha kutazamia nyuma, erio ya redio, kichukuzi cha mizigo juu ya paa, au mpira wa mlango wenyewe.

Kuna jaribio jingine la kufanywa gari limesimama. Weka noti ya fedha au kipande cha karatasi kati ya mpira na fremu ya kidirisha, ukifunge, kisha uivute taratibu. Ikitoka bila kukataa, hapo mpira haubani. Zunguka ukingo wote namna hiyo.

Sasa tuje kwenye matengenezo yenyewe. Anza na mlango, wala si mpira. Bawaba zilizokwisha kulika huufanya mlango ushuke kwa nyuma, na fremu ya dirisha husogea mbali na bodi hapo juu. Mpira mpya hautaponya ugonjwa huo. Mlango ukisha kukaa sawa, tazama komeo ya kidirisha. Komeo iliyolika hufunga, lakini haivuti kioo kikakaza. Pengine kuikaza au kubadilisha pini yake kwatosha. Tazama pia pini ya chini ambayo kidirisha huzunguka juu yake. Katika motokaa nyingi pini hiyo ina springi na nati ndani ya mlango, navyo ndivyo vinavyokifanya kidirisha kiwe kizito kugeuka. Kidirisha kinachojigeuza chenyewe kwa upepo chahitaji nati hiyo ikazwe kidogo, si zaidi, maana mwenye kukaza mno atavunja komeo au kioo anapokifungua.

Ikiwa mpira wenyewe umekuwa mgumu na kupasuka-pasuka, hauna dawa ila kubadilishwa. Jua na hewa ya ozoni ndivyo viuavyo mpira wa asili. Mipira mingi ya siku hizi hutengenezwa kwa kitu kiitwacho EPDM, ambacho hustahimili jua vizuri zaidi. Ili kuutia, ni lazima kuteremsha kioo kikubwa, kulegeza skrubu na bolti zinazoshika nguzo ya katikati, na kuitoa fremu yote kwa kuiinamisha. Safisha kutu na gundi ya zamani, upake rangi palipo na kutu, kisha paka maji ya sabuni ili mpira mpya uteleze mahali pake. Mfereji wa kioo kikubwa ulio katika nguzo hiyo nao ubadilishwe wakati huo huo, kwani ukilika kioo hutikisika na kuongeza kelele. Usitumie petroli wala grisi ya kawaida, kwa kuwa huufanya mpira uvimbe. Grisi ya silikoni ndiyo ifaayo.

Hapa pana onyo kwa wenye Volkswagen. Joto la ndani ya gari hilo hutokana na hewa inayosukumwa na feni ya injini kupita kando ya mabomba ya moshi. Mabomba hayo yakiwa yametoboka kwa kutu, moshi huingia pamoja na hewa hiyo, na ndani yake mna gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na huua. Gari lililozibwa vizuri halina tena nyufa za kuupunguza moshi huo. Tena kidirisha kikifunguliwa kidogo kwa nyuma hunyonya hewa ya ndani, na gari huivuta nyingine popote iwezapo, hata upande wa injini. Basi mabomba na mipira ya chumba cha injini yakaguliwe kwanza, ndipo vidirisha vizibwe.

Mpira mpya ukisha kutiwa, kidirisha kitakuwa kigumu kufunga. Kisilazimishwe. Kifungwe taratibu na kuachwa hivyo siku kadhaa, gari likiwa juani ikiwezekana, mpaka mpira ushike umbo la fremu. Kisha lirudiwe lile jaribio la karatasi.