Uteuzi wa Data za Ramani za Serikali katika Uchoraji Ramani wa Kujitolea: Mfano wa Wilaya za Ngara na Biharamulo

Uchoraji ramani wa kujitolea hutegemea picha za setilaiti. Mchoraji aliye mbali huona paa, barabara na mito, lakini haoni jina la kijiji wala mpaka wa kata. Taarifa hizo hutoka kwa wakazi au katika data za serikali. Kwa hiyo, swali la msingi ni data ipi inafaa. Wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, zinadhihirisha vigezo vinne vya kulijibu.

Kigezo cha kwanza ni ruhusa. OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa mwaka 2004, hutolewa tangu mwaka 2012 chini ya leseni ya hifadhidata huria. Faili linalopakuliwa bila malipo si lazima liwe na ruhusa ya kuingizwa humo. Data iliyoingizwa bila ruhusa huweza kufutwa, pamoja na kazi iliyojengwa juu yake.

Kigezo cha pili ni tarehe ya mipaka. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu 410,794 wilayani Biharamulo. Ile ya mwaka 2012 ilihesabu 323,486. Msomaji asiye na tahadhari angedhani kuwa watu walihama. Ukweli ni kwamba katika kipindi hicho Chato ilitengwa na Biharamulo kuwa wilaya, na mwaka 2012 ikawekwa katika Mkoa mpya wa Geita. Ramani yenye mipaka ya zamani huviweka vijiji vya Chato chini ya Biharamulo, hivyo mgawo wa chanjo au madawati unaopangwa kwa ramani hiyo huelekezwa kwenye halmashauri isiyohusika.

Kigezo cha tatu ni mfumo rejea wa vipimo. Ramani za topografia za Tanzania za skeli ya 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ilhali ramani za mtandaoni na vifaa vya GPS hutumia WGS 84. Latitudo na longitudo zikihamishwa bila kubadilishwa mfumo, nukta husogea takriban mita 300. Umbali huo ni mdogo katika ramani ya mkoa. Hata hivyo, kando ya Mto Kagera, unaoitenganisha Ngara na Rwanda, unatosha kuiweka nyumba ya Mtanzania ng'ambo ya mpaka.

Kigezo cha nne ni majina. Katika eneo hili sauti r na l hubadilishana katika maandishi: Lusahunga, njia panda ya barabara ya Rusumo, huandikwa pia Rusahunga. Programu ya kompyuta huyahesabu maumbo hayo kuwa mahali pawili. Jina la kiutawala linapaswa kuhifadhiwa kama jina kuu, na umbo la pili kama jina mbadala, baada ya kuthibitishwa na wakazi au ofisi ya kijiji.

Mpangilio wa vigezo hivi una mantiki yake. Ruhusa hutangulia kwa sababu bila hiyo kazi nyingine yote ni bure. Tarehe huamua kama mipaka bado ipo. Mfumo rejea huamua mahali. Na jina huthibitishwa mwisho, uwandani. Aidha, hakuna faili moja la serikali linalotosheleza vigezo vyote. Data za sensa zinafaa kwa mipaka ya kata, na ramani za topografia zinafaa kwa majina ya milima na mito. Data sahihi, basi, ni ile inayolingana na swali linaloulizwa.