Mafuta Yaliyozaliwa Ziwani

Mafuta mengi ya petroli duniani yalitokana na tope la bahari. Yale ya Turkana nchini Kenya na ya Ziwa Albert nchini Uganda yana asili nyingine: ni mwani wa maziwa ya kale ya Bonde la Ufa.

Hali iliyokuwapo wakati huo inaonekana hadi leo Ziwa Tanganyika. Kina chake hufika mita 1,470, na maji ya juu hayachanganyiki na ya chini. Kuanzia mita 200 hivi kwenda chini hakuna oksijeni. Mwani ukifa huzama, na kwa kuwa huko chini hakuna samaki wala konokono wa kuula, hauozi wote. Hulala topeni, tabaka juu ya tabaka.

Tope hilo likifukiwa na mchanga wa mito hukamuka maji, likawa mwamba wa matabaka membamba. Mwani hugeuka kerojeni, kitu kigumu kisichoyeyuka hata katika spiriti. Mwamba ukididimia hadi penye joto la nyuzi 60 na zaidi, kerojeni hukatika polepole ikatoa mafuta. Kupita nyuzi 150 hivi hutoka gesi zaidi. Pasipo joto hilo, wingi wa kerojeni haufui dafu. Miamba ya Green River nchini Marekani, ya miaka milioni 50 hivi, imesheheni kerojeni, lakini sehemu kubwa haikuzama vya kutosha. Mafuta yake hupatikana kwa kuipasha moto tu.

Maabara hurudia kwa dakika kazi iliyochukua mamilioni ya miaka. Unga kidogo wa mwamba hupashwa moto pasipo oksijeni. Kwenye nyuzi 300 hutoka mafuta yaliyokwisha kuumbika. Joto likipanda kuelekea 650, hutoka yale ambayo mwamba ungeweza bado kuyazaa. Kipimo hiki cha pili ndicho chenye uzito, kwani huonyesha haidrojeni iliyobaki, na kerojeni ya mwani wa ziwani huwa nayo tele.

Huko Lokichar, Turkana, kisima cha Loperot kilichochimbwa mwaka 1992 kilipenya mwamba wa ziwa uitwao Lokhone na kuonyesha dalili za mafuta. Ugunduzi wenyewe ulikuja mwaka 2012, katika kisima cha Ngamia-1.

Mafuta ya namna hii yana salfa kidogo, kwa sababu maji yasiyo ya chumvi hayana salfeti nyingi. Lakini minyororo mirefu ya kaboni iliyotoka kwenye mwani huyajaza nta, yakaganda kama samli yakipoa. Kwa hiyo bomba la kutoka Hoima, Uganda, hadi Tanga, Tanzania, lenye kilomita 1,443, limesanifiwa kupashwa moto njia nzima, mafuta yabaki kwenye nyuzi 50 hivi.