Sehemu ya Pili Iko Wapi?

Anayeanza leo kukusanya filamu za Kitanzania za miaka ya 2000 hukutana na tatizo lile lile mapema sana: sehemu ya kwanza ipo, sehemu ya pili haipo. Diski ya VCD, iliyotawala soko wakati huo, hubeba dakika 74 hadi 80 tu za picha. Hadithi ya saa mbili haienei humo, basi wasambazaji wakaikata vipande viwili na kukiuza kila kipande peke yake, na kava lake. Aliyekuwa na hela ya kipande kimoja alinunua kimoja. Jirani alinunua cha pili, akamwazima shemeji yake wa Kahama, kikaishia huko.

Kutafuta vipande hivyo si mchezo wa watu wa mjini wenye muda wa ziada. Katika kata ya Didia, kwenye barabara itokayo Shinyanga mjini kwenda Tinde, na katika ukanda wa dhahabu kuanzia Kakola hadi Nyarugusu, diski na kanda za video ndizo zilizokuwa sinema kwa watu wengi. Jumba la sinema lilikuwa mbali, na televisheni ilichelewa kufika. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994, vituo binafsi vilipoanza kurusha matangazo, na televisheni ya taifa ikaja mwaka 2000. Katikati ya ukame huo, video ilishaingia. Mfanyabiashara mwenye deki, runinga na jenereta alikuwa na uwezo wa kuanzisha ukumbi wake popote palipo na watu na fedha.

Na machimboni fedha ilikuwepo. Rashi ya dhahabu ikitokea mahali, mama lishe hufuata, wauza nguo hufuata, na kibanda umiza nacho hufuata: miti, maturubai, mabenchi ya mbao, ubao wa ratiba nje ulioandikwa kwa chaki. Mchimbaji aliyetoka duarani, yaani shimoni, jioni alilipa kiingilio, akamwona Bruce Lee, Jackie Chan, Arnold Schwarzenegger na Amitabh Bachchan katika usiku mmoja. Wengi wa wazee wa sasa wa maeneo hayo wanaijua sinema ya Hong Kong ya miaka ya 1970 na 1980 kuliko wahitimu wa vyuo, kwa sababu waliitazama filamu moja mara nyingi mpaka wakajua stelingi atapigwa dakika ya ngapi na atalipa kisasi lini.

Kilichoifanya sinema hiyo kuwa ya kwao ni sauti. Hapo ndipo linapoingia jina la Lufufu, msimulizi aliyetafsiri filamu za nje kwa Kiswahili, kwanza mbele ya watazamaji vibandani, kisha kwenye kanda na diski zilizosambaa nchi nzima. Hakutafsiri neno kwa neno. Alieleza nani ni nani, akaeleza nia ya adui kabla adui hajaitoa, akakatisha mazungumzo kufafanua desturi ya Wachina au sheria ya Marekani, akatia utani wa Kitanzania pale mtunzi wa filamu alipoweka ukimya. Mtaalamu wa Kijerumani wa Chuo Kikuu cha Mainz, Matthias Krings, aliichukulia kazi hii kwa uzito unaostahili katika kitabu chake cha 2015, African Appropriations. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana wasimulizi wao, mavijei, kama VJ Jingo, na Tanzania vijana waliofuata nyayo za Lufufu bado wako kazini.

Kwa mkusanyaji, filamu iliyotafsiriwa ni kazi mbili ndani ya diski moja. Filamu ya Marekani yenyewe si rahisi kupotea; studio iliyoitengeneza inayo, na kampuni kama Criterion Collection, iliyoanza mwaka 1984, zimejenga biashara nzima ya kuzisafisha filamu za kale na kuzitoa upya pamoja na maelezo na mahojiano. Lakini ile sauti ya Kiswahili juu yake haimo katika ghala lolote la Hollywood. Imo kwenye kanda iliyodurufiwa mara tano, yenye mistari myeupe chini ya picha, ndani ya sanduku la bati la mtu aliyewahi kuwa na kibanda Geita. Mtu huyo akiamua kuchoma takataka siku moja, usimulizi ule umekwisha.

Hivyo hivyo kwa filamu za nyumbani. Soko la filamu za video barani Afrika lilipata msukumo mkubwa Nigeria mwaka 1992, Kenneth Nnebue, mfanyabiashara aliyekuwa na shehena ya kanda tupu za VHS, alipotoa Living in Bondage ili kanda zipate la kubeba. Tanzania ilifuata kwa njia yake. Mwaka 2003 ilitoka Girlfriend, ya mwongozaji George Tyson, iliyowakutanisha wanamuziki wa kizazi kipya na waigizaji. Mussa Banzi akaja na filamu za kutisha, Nsyuka na Shumileta, zilizowafanya watoto wa wakati huo waogope kwenda msalani usiku. Kisha likaja jina ambalo Shinyanga inalidai kama mali yake.

Steven Kanumba alizaliwa mkoani humo Januari 8, 1984. Alisoma Shule ya Msingi Bugoyi, akaanza sekondari Mwadui, kwenye ardhi ya almasi, kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Mwaka 2002 alijiunga na Kaole Sanaa Group na sura yake ikaanza kuzoeleka kwenye tamthilia za televisheni. Mwaka 2006 alikuwa katika Dar 2 Lagos, iliyowaunganisha wasanii wa Tanzania na Nigeria. Mwaka 2008 ikaja Oprah. Mwaka 2011 alicheza na Ramsey Nouah wa Nigeria katika Devil Kingdom. Alifariki Aprili 7, 2012, akiwa na miaka 28, na kilio kilivuka mipaka ya nchi.

Msanii huyu alifanya makumi ya filamu ndani ya miaka kumi, na karibu zote zilikwenda moja kwa moja kwenye diski. Hazikupigwa kwenye mkanda wa sinema unaohifadhiwa kwenye chumba cha baridi. Zilipigwa kwa kamera ya video, zikahaririwa kwenye kompyuta, zikatolewa nakala, zikauzwa. Kwa hiyo diski iliyo sebuleni Didia si kivuli cha filamu halisi iliyolala mahali pengine. Yenyewe ndiyo filamu, na pengine ni nakala nzuri kuliko ile iliyopandishwa YouTube na mtu asiyejulikana, ikiwa imekatwa dakika za mwanzo na kubandikwa nembo ya chaneli juu ya uso wa mwigizaji.

Dakika hizo za mwanzo zina thamani yake. Diski nyingi za wakati ule zilianza na matangazo ya filamu zijazo, onyo kali dhidi ya wezi wa kazi za sanaa, namba za simu na anwani ya msambazaji, mara nyingi Kariakoo. Humo mtafiti atasoma nani alikuwa na nguvu sokoni, filamu gani zilitangazwa zikatoka, na zipi zilitangazwa zikafia njiani. Kava nalo linaeleza: majina ya waigizaji kwa mpangilio wa ukubwa wao, mtindo wa nywele, jina la Kiingereza kwa hadithi ya Kiswahili. Kuanzia mwaka 2013 kuna pia stempu ya ushuru ya Mamlaka ya Mapato (TRA), ambayo humsaidia mkusanyaji kutenganisha nakala halali na ile iliyochomwa uchochoroni.

Ni kweli kwamba nakala za uchochoroni ziliua soko. Aprili 2017 waigizaji na wasambazaji waliandamana Dar es Salaam wakitaka filamu za nje zinazouzwa bila stempu ziondolewe mitaani. Uchungu wao ulikuwa wa haki, kwani mtu hawezi kutoa jasho la miezi kisha ashindane na diski moja iliyosheheni filamu ishirini za bure. Hata hivyo, kwa mtu anayetunza historia, diski ile ya filamu ishirini haitupwi. Kuna nyakati ndiyo pekee iliyobaki na filamu inayotafutwa. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inakataza kuzidurufu na kuziuza kazi za watu bila idhini yao, na inafaa iheshimiwe. Kuitunza nakala moja isioze ni huduma kwa msanii yule yule aliyeibiwa.

Uganda imeshatoa funzo kubwa kuliko yote kuhusu jambo hili. Huko Wakaliga, kitongoji cha Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa fedha kidogo sana na kompyuta alizoziunga mwenyewe. Nafasi ndani ya kompyuta ilikuwa haba, umeme ulikatika na kurudi kwa kishindo, na toleo la awali lisilo na sauti ya msimulizi halipo tena. Kilichookoka ni toleo lenye sauti ya VJ Emmie, lililotengenezwa kwa ajili ya diski. Toleo hilo hilo ndilo lililotazamwa na mamilioni mtandaoni, na mwaka 2019 American Genre Film Archive, hifadhi ya filamu iliyoko Texas, ikalitoa kwa Blu-ray pamoja na Bad Black. Leo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanalipa dola kupata kitu ambacho vijana wa Kampala walikinunua kutoka kwa waigizaji wenyewe, waliokiuza kwa miguu, mlango kwa mlango.

Ukanda wa Ziwa unaweza kuwa na Captain Alex wake ndani ya mfuko wa nailoni, na adui zake wanajulikana. Shinyanga ni mkoa mkavu, na vumbi lake laini huingia kwenye kila tundu. Diski ikifutwa kwa kanga kwa kuzungushwa, chembe za vumbi huchora duara zinazolichanganya jicho la deki. Ifutwe kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, mstari ulionyooka. Isiachwe kwenye dirisha linalopigwa na jua, maana rangi iliyobeba data katika diski za kuchoma hufifia kwa mwanga na joto. Isiandikwe kwa kalamu ya wino wa kawaida. Isimamishwe wima kama kitabu, isilundikwe. Kanda ya VHS inahitaji kurudishwa mwanzo na kuwekwa pakavu, na ikishaota kuvu isiingizwe kwenye deki, kwa kuwa kuvu hilo litahamia kwenye vichwa vya mashine na kuharibu kanda zitakazofuata.

Muda nao haungoji. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kubwa kuunda deki za VHS, ilisimamisha uzalishaji Julai 2016. Deki zilizopo ndizo hizo, na mafundi redio wenye kujua kuzifungua wanazeeka. Mwenye kanda za kibanda cha zamani afanye haraka kuzihamishia kwenye kompyuta, kanda nzima tangu tangazo la kwanza hadi weusi wa mwisho, kisha aweke nakala mbili katika nyumba mbili tofauti. VCD na DVD zinakiliwe kama zilivyo, faili zote, bila kubanwa. Picha ya VCD tayari ni ndogo, nukta 352 kwa 288. Ikibanwa tena ili ienee kwenye simu, uso wa mwigizaji unakuwa ukungu.

Bodi ya Filamu, ambayo kwa sheria ya mwaka 1976 hukagua filamu kabla ya kuonyeshwa, ingeweza kudai nakala mbili za kila kazi na kuitunza moja daima. Maktaba ya mkoa ingeweza kutenga kabati. Ila yapo yanayowezekana bila kumsubiri mtu. Walimu wa sekondari na wanafunzi wao, kuanzia Didia hadi Geita, wanaweza kupita nyumba kwa nyumba na daftari na kuorodhesha kilichopo: jina la filamu, sehemu ya kwanza au ya pili, mwaka ulioandikwa kwenye kava, msambazaji, mwongozaji, waigizaji, lugha au msimulizi, kama ina stempu, kama bado inacheza. Hakuna haja ya kumnyang'anya mtu diski yake. Orodha ikishakuwepo, mwenye sehemu ya kwanza ya filamu ya Kanumba atajua nyumba ya kwenda kubisha hodi, na kazi ya kuanzia iwe filamu zake yeye, kwa kuwa ni mtoto wa Bugoyi na mama wengi wa Shinyanga bado wana kava lake ukutani.