Mazungumzo Baada ya Habari: Kinga ya Wanafunzi wa Udaktari na Uuguzi

Kila mwaka vijana wa Uganda wanaopata nafasi ya kusomea udaktari, uuguzi na ukunga hufika vyuoni wakiwa na vitabu, koti jeupe na kifaa cha kusikilizia mapigo ya moyo. Wazazi wao, na miongoni mwao wamo askari wa jeshi na polisi, hujinyima ili kulipia vitu hivyo. Kinachosahauliwa ni mwili wa mwanafunzi mwenyewe. Hakuna kamanda ampelekaye kuruta mstari wa mbele kabla hajamwandaa, na wodi nayo ni mstari wa mbele.

Mwaka 2000 ugonjwa wa Ebola ulipozuka wilayani Gulu, watu 425 waliugua na 224 wakafariki. Katika Hospitali ya Lacor, wanafunzi wa uuguzi walikuwamo miongoni mwa waliopoteza maisha. Daktari Matthew Lukwiya, aliyeongoza mapambano hayo, naye alifariki mwezi Desemba mwaka huo.

Lakini Ebola huja na kuondoka. Adui akaaye wodini kila siku ni homa ya ini ya aina ya B. Virusi vyake huweza kuishi nje ya mwili, katika tone la damu lililokauka, kwa siku 7 au zaidi. Chanjo ipo, nayo hudungwa mara tatu: ya pili mwezi mmoja baada ya ile ya kwanza, na ya tatu miezi 6 baada ya ile ya kwanza. Kwa hiyo aanzaye chanjo siku anayoingia wodini amekwisha kuchelewa. Uganda imekuwa ikiwachanja watoto wachanga tangu mwaka 2002. Basi kadi ya utotoni itafutwe, na isipopatikana, kijana apimwe damu na kuchanjwa upya ikibidi.

Kinga ya pili ni usingizi. Kijana ahitaji saa 7 hadi 9 kwa siku, ilhali mwanafunzi mgeni hudhani kukesha na vitabu ndiyo bidii. Askari aliyewahi kushika lindo usiku kucha ajua jinsi mikono inavyokuwa alfajiri. Mikono hiyo hiyo ndiyo inayoshika sindano. Chakula nacho chataka uangalifu. Vijana wa Kampala hupenda chapati iliyokatwakatwa na kuchanganywa na maharagwe, waiitayo kikomando. Si chakula kibaya, kwa kuwa maharagwe hujenga mwili, ila chahitaji mboga za majani na matunda kando yake.

Sindano iliyokwisha tumika isirudishiwe kifuniko chake; itupwe mara moja katika sanduku maalumu. Ikimchoma mwanafunzi, aoshe jeraha kwa maji na sabuni bila kulikamua, kisha aripoti saa ile ile. Wapo wanaoficha kwa kuogopa karipio la mkuu wa wodi, na wakuu wenye ukali wa namna hiyo wana sehemu yao ya lawama. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zapaswa kuanzwa mapema iwezekanavyo, kabla ya kupita saa 72, na kumezwa kwa siku 28. Anayeungama siku ya nne, kwa kawaida hapewi tena dawa hizo. Hubaki kupimwa na kusubiri majibu.