Namba mbili za presha, na wanaozitengeneza

Mgonjwa ukimuuliza presha yake ilikuwa ngapi mara ya mwisho, mara nyingi atakujibu kwa namba moja: 150, 160. Ile ya pili ameshaisahau. Mimi ile ya pili naithamini sana, maana ndiyo inayonieleza yanayoendelea wakati moyo haupigi.

Tazama namba hizo zinavyopatikana. Muuguzi anakuzungushia mkanda juu ya kiwiko, anaujaza upepo mpaka ateri ya mkono inabanwa na damu haipiti tena. Kisha anauachia upepo polepole huku akisikiliza kwenye kunjo la kiwiko. Kwanza kimya. Kwa mtu mwenye presha ya kawaida, mshale ukifika kwenye 120 hivi, anaanza kusikia ndu, ndu, ndu: damu imeanza kupenya kila moyo unapojikaza. Karibu na 80 sauti inapotea, kwa sababu sasa ateri iko wazi muda wote, hata moyo unapolegea. Namba zote mbili ni milimita za zebaki. Mwitaliano Scipione Riva-Rocci, aliyetangaza mkanda wake mwaka 1896, alikuwa akipapasa mapigo kwa vidole, kwa hiyo aliipata namba ya juu tu. Ya chini ilipatikana kwa urahisi baada ya daktari Mrusi, Nikolai Korotkov, kueleza sauti hizo mwaka 1905.

Namba ya juu inatokana na msukumo wa moyo. Chumba chake cha chini cha kushoto husukuma takriban mililita 70 kwa pigo moja. Kwa mapigo 70 kwa dakika, hizo ni karibu lita 5, yaani kiasi kinachokaribia damu yote ya mtu mzima, kila dakika, naye amekaa tu.

Moyo ukishasukuma, unalegea. Kama aota, ateri kuu itokayo moyoni, ingekuwa ngumu kama bomba la chuma, presha ingeporomoka papo hapo na damu ingekwenda kwa kukatikakatika. Lakini aota hutanuka inapopokea damu, kisha hujirudi na kuisukuma mbele, huku vali iliyo mlangoni mwa moyo ikiwa imefungwa isirudi nyuma. Pamoja na ukinzani wa ateri ndogo zilizo mbele, huko ndiko inakotoka namba ya chini. Na moyo wenyewe unaitegemea. Misuli yake hailishwi na damu inayojaa vyumbani mwake. Ina ateri zake, zinazochipuka kwenye shina la aota. Ukuta wa kushoto unapojikaza huviminya vijishipa vyake, hivyo hupata sehemu kubwa ya damu yake wakati wa kulegea. Kwa sababu hiyo mzee mwenye 165 kwa 70 asijifariji kwamba ya chini ni nzuri. Mara nyingi mwachano mkubwa hivyo maana yake ni kwamba ateri zimekakamaa.

Zile ateri ndogo kabisa ndizo zinazogawa damu iende wapi. Upana wa mshipa ukipungua nusu, kwa msukumo uleule, damu inayopita hushuka hadi sehemu moja ya 16. Kwa hiyo kubana kidogo tu kunatosha kubadili mengi. Ukisimama ghafla, damu huteremkia miguuni na presha hushuka. Vihisio vilivyo kwenye ateri za shingo huutaarifu ubongo, moyo huongeza kasi na mishipa hubana, yote ndani ya sekunde chache. Kwa wazee, na kwa baadhi ya wanaotumia dawa, mwitikio huo huchelewa, ndipo kizunguzungu kinapowapata.

Mbele ya hapo ni kapilari, nyembamba kiasi kwamba chembe nyekundu hupita moja moja, zikijikunja, huku zikiachia oksijeni. Damu hurudi kwa vena, ikisaidiwa na misuli ya miguu.

Imebaki damu yenyewe, hasa wingi wake. Chumvi huzuia maji mwilini, maji hayo huongeza ujazo wa damu, na figo ndizo zinazotakiwa kuyatoa. Wapo wanaolalamika, "Daktari, mimi naumwa presha, mbona umenipa dawa ya kukojosha?" Ni kwa sababu hiyo. Kidonge hicho huanza kwa kupunguza maji na chumvi. Amlodipini hulegeza mishipa. Atenololi hupunguza kasi na nguvu ya moyo. Mgonjwa anayepewa vidonge viwili au vitatu kwa hiyo hapewi dawa ileile mara tatu, na akiacha kimoja kwa kuwa "vingine vipo", anaacha upande mmoja bila msaada.

Unapokwenda kupima, keti kwanza dakika 5, umeegemea, miguu imegusa sakafu, mkono umewekwa usawa wa moyo, na usizungumze. Usipime ukiwa umetoka kunywa kahawa, kuvuta sigara au kupanda ngazi. Ukipata 140 kwa 90 au zaidi, rudia siku nyingine kabla ya kujihesabu mgonjwa. Lakini ikifika 180 kwa 120, au ukiwa na maumivu ya kifua au udhaifu wa upande mmoja, nenda hospitali mara moja. Na ukiambiwa presha yako, andika namba zote mbili.