Wilaya ya Shule Na. 22: Historia ya Summerton, South Carolina

Katika zoezi moja la tafsiri, wanafunzi wetu walikutana na matini ya Kimarekani iliyotaja wilaya ya shule. Karibu wote waliandika «wilaya» wakaendelea. Kwa kamusi hawakukosea. Lakini masikioni mwa Mkongo neno hilo hukumbusha wilaya za utawala tulizokuwa nazo, kama ile ya Lualaba kabla haijawa mkoa mwaka 2015: eneo kubwa lenye kamishna aliyetumwa kutoka juu. Wilaya ya shule ya Marekani ni kitu kingine kabisa. Huweza kuwa ndogo kama vijiji vichache. Ina mipaka yake, baraza lake la wadhamini ambalo mahali pengi huchaguliwa na wakazi wenyewe, na sehemu ya fedha zake hutokana na kodi ya ardhi na nyumba zilizomo ndani ya mipaka hiyo. Anayekaa ng'ambo ya mpaka hana sauti humo.

Tumeona afadhali kueleza jambo hili kwa mfano mmoja kuliko kwa ufafanuzi mrefu. Nao ni mfano wa Wilaya ya Shule Na. 22, katika mji mdogo wa Summerton, kaunti ya Clarendon, jimbo la South Carolina.

Clarendon ni nchi ya pamba. Miaka ya 1940 wengi wa wakazi wake walikuwa Watu Weusi, na wengi wao walilima mashamba yasiyo yao. Sheria ya jimbo iliamuru watoto Weusi na Wazungu wasome mbalimbali. Katika mwaka wa shule 1949-1950 kaunti ilitumia dola 179 kwa kila mtoto Mzungu, na dola 43 kwa kila mtoto Mweusi. Mabasi ya watoto Wazungu yalikuwa 30. Ya watoto Weusi hapakuwa hata moja. Tena ziwa Marion, lililotokana na bwawa la umeme, lilikuwa limefunika baadhi ya njia, hata watoto wengine walivuka maji kwa mtumbwi ili kufika shuleni.

Kisa chote kilianzia kwenye basi. Wazazi walichanga fedha wakanunua basi kuukuu, likawa linaharibika kila mara. Walipoomba angalau mafuta, walijibiwa kwamba kodi wanayolipa Weusi ni ndogo mno. Hapo mchungaji na mwalimu Joseph A. DeLaine alimhimiza mkulima Levi Pearson afungue mashtaka, naye akafanya hivyo mwaka 1948. Kesi ilifutwa kabla ya kusikilizwa, na sababu yake ndiyo kiini cha maelezo yetu: shamba la Pearson lilikatwa na mpaka. Kodi yake ilihesabiwa katika Wilaya Na. 5, hali watoto wake walisoma katika wilaya nyingine. Kwa hiyo, walisema mawakili wa upande wa pili, hakuwa na haki ya kudai. Basi mstari uliochorwa kwenye ramani ulitosha kumnyamazisha baba wa watoto. Na nyumbani wafanyabiashara walimnyima mkopo wa kilimo.

Mara ya pili wazazi walichagua wilaya moja tu, Na. 22, wakahakikisha kwamba kila mdai anakaa humo. Ombi lao lilitiwa sahihi Novemba 1949. Kwa kuwa jina la Harry Briggs lilitangulia, na mwenyekiti wa wadhamini aliitwa R. W. Elliott, kesi iliitwa Briggs dhidi ya Elliott. Briggs alifukuzwa kazi yake kwenye kituo cha petroli, na mkewe Eliza kazi yake ya hoteli. Nyumba ya DeLaine iliteketea. Kanisa lake katika mji mwingine lilichomwa mwaka 1955, naye akakimbilia New York.

Kesi ilisikilizwa Charleston Mei 1951, wakili wa wazazi akiwa Thurgood Marshall. Mwanzoni kabisa wakili wa wilaya alikiri kwamba shule hazikuwa sawa, akaomba muda wa kuzirekebisha. Ilikuwa hila ya akili sana, maana ilimnyang'anya Marshall nusu ya ushahidi wake. Lakini wazazi hawakudai tena majengo mazuri. Walidai utenganishaji wenyewe ukomeshwe. Majaji wawili waliwakatalia. Wa tatu, J. Waties Waring, aliandika kwamba kutenganisha kwenyewe ni kutosawazisha. Tarehe 17 Mei 1954 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua vivyo hivyo, baada ya kuiunganisha kesi hii na nyingine za majimbo. Ulimwengu unaijua hukumu hiyo kwa jina la Brown wa Kansas, ingawa ya Summerton ndiyo iliyotangulia kufika mbele ya Mahakama hiyo.

Msomaji angedhani watoto walianza kusoma pamoja mwaka uliofuata. Sivyo. Mwaka 1955 mahakama ya chini ilifasiri hukumu hiyo kwamba Katiba inakataza ubaguzi tu, haiamuru kuchanganya. Ilibidi mashtaka mapya, na wanafunzi Weusi wa kwanza waliingia shule ya Wazungu ya Summerton mwaka 1965 tu, miaka kumi na mmoja baadaye. Familia za Wazungu zikaondoa watoto wao kuwapeleka shule ya binafsi, na shule za umma zikabaki karibu na watoto Weusi watupu. Mpaka wa wilaya haukuguswa, ila safari hii wenye nafasi waliuvuka kwa fedha zao.

Wilaya Na. 22 yenyewe haikudumu hata kuiona hukumu ya 1954. Jimbo lilipounganisha wilaya zake ndogo tangu 1951, iliingizwa katika Wilaya Na. 1, nayo hiyo, pamoja na wilaya nyingine za kaunti, imekuwa wilaya moja ya Clarendon tangu 2022. Mwaka huo huo shule mbili za Summerton, ile ya Weusi ya Scott's Branch na ile ya Wazungu, ziliingizwa kisheria katika hifadhi ya taifa ya historia inayobeba jina la Brown.